Mkono wa Dirishani

Katika nyumba ile walibaki watu wazima watatu, na kila mmoja alikuwa na jina lake la jambo lile lile. Mama aliliita ulinzi wa Mungu. Mwanawe mdogo, ambaye ndiye aliyenusurika, aliliita bahati, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Mkaza mwana, mjane wa mwana mkubwa, hakulipa jina lolote. Yeye alifua, alipika, alimsuka binti yake nywele, na jambo hilo lilipotajwa aliinuka akaenda kutazama kama sufuria imechemka, hata siku ambazo hapakuwa na sufuria motoni.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Ndugu hao wawili, mafundi rangi kama marehemu baba yao, walikuwa wakipaka ukuta wa nje wa jengo la ghorofa nne. Walisimama juu ya ubao mmoja mrefu uliotundikwa kutoka paani kwa kamba mbili, kamba moja kila mwisho. Mdogo alikuwa upande wa dirisha, na mkubwa upande wa mbali. Kwa kawaida walibadilishana pande ifikapo adhuhuri, lakini siku hiyo mkubwa alisema amalizie kwanza ukingo aliokwisha kuuanza. Mdogo akaingia dirishani kunywa maji. Akiwa bado ndani, kamba ya upande wa mbali ilikatika, na kaka yake akaanguka. Msimamizi wa kazi alieleza baadaye kwamba kamba hiyo ilikuwa ikisuguana na ncha ya bati ambayo hakuna aliyeiona.

Mtaa mzima ulimwita marehemu Vituko, kwa kuwa hakuweza kupita mlangoni kwa mtu bila kuacha kicheko. Mtaa ulimpenda, na kwa upendo huo huo ulitikisa kichwa na kusema, "Masikini Vituko. Pengine alikuwa akicheza juu ya ubao."

Mjane alilisikia hilo la kucheza. Hakulikubali. Alimjua mumewe. Mumewe alikuwa mtu wa mizaha, ndiyo, lakini alikuwa na sikio ambalo mafundi wenzake walilisifu: kamba ikianza kulalamika, yeye aliisikia kabla ya wote. Basi usiku na mchana mjane alijiuliza swali moja tu. Mtu mwenye sikio kama lile alikosaje kusikia? Na kama alisikia, mbona alibaki pale?

Mama alikuwa mwanamke wa msimamo. Kwa miaka mingi alikuwa amepiga pasi nguo za watu, na alitaka kila kitu kiwe na mkunjo wake mahali pake, maneno yakiwemo.

"Mmoja tumemlilia kama ilivyopasa," aliwaambia asubuhi moja walipokuwa wakinywa chai. "Mwingine nimerudishiwa, na mpaka leo sijasema asante. Sikulelewa hivyo, wala sikuwalea ninyi hivyo. Jumamosi alasiri majirani watakuja, tutaomba dua ya shukrani."

Mwana mdogo alikuwa akifunga kamba za viatu. Hakuinua uso. "Mama, niache. Ilikuwa bahati tu."

"Bahati ni nani? Anakaa nyumba gani, nimpelekee asante yake?"

"Basi tusimshukuru mtu yeyote."

"Nyamaza, mwanangu. Mtu aliyetolewa kwenye kifo hazungumzi hivyo."

Mjane alikuwa amekwisha kuinuka, amekwenda jikoni kutazama sufuria.

Alhamisi Mama alimfuata huko huko jikoni. Alimkuta ameketi kwenye kigoda, ungo magotini, akichambua mchele.

"Jumamosi utakaa kando yangu," Mama alisema.

"Nitapika chai, Mama."

"Chai atapika jirani. Wewe utakaa kando yangu."

"Nitatandika mikeka, nitaosha vikombe, nitawapokea wageni mlangoni. Nitafanya yote."

"Na dua ikiisha?"

Mjane alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa. "Amina sitasema."

Mama alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi jikoni, kwani aliamini kwamba jikoni ni mahali pa kusimama.

"Unamkasirikia Mungu?"

"Sijui kama ni hasira. Ukisema Mungu alimlinda shemeji, mimi nasikia na lile ambalo hujalisema. Walikuwa wawili juu ya ubao mmoja. Kama aliinama akamchukua mmoja, basi yule mwingine alimwona pia. Alimwona, akamwacha."

"Usiseme hivyo."

"Sijasema, Mama. Ninyi ndio mnaosema. Mimi nafika tu mwisho wa sentensi yenu."

Mama aliokota punje iliyodondoka sakafuni, akairudisha kwenye ungo. Alipozungumza tena, ukali ulikuwa umepungua katika sauti yake. "Mimi niliwazaa wote wawili. Unadhani sikuifikia sentensi hiyo kabla yako? Lakini nikisema ni bahati, basi hapakuwa na aliyekuwa akiwatazama. Si huyu aliyebaki, si yule aliyekwenda. Walikuwa juu kule peke yao kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Hilo siliwezi, mwanangu. Afadhali niwe na Mungu nisiyemwelewa."

Mjane aliupepeta mchele ambao ulikuwa umekwisha kuwa safi.

"Hodi humu!" Aliyeingia alikuwa jirani yao, fundi cherehani, mwanamke mpana wa kicheko kipana, ambaye utepe wa kupimia haukumtoka shingoni. Vituko alizoea kumwambia kwamba hata siku ya kiyama atapima sanda za wenzake kwanza. "Nimewaletea viti. Kimoja kina mguu mbovu, akikalie mtu mwembamba."

"Basi wewe hutakikalia," Mama alisema.

"Shoga, leo umeamka na wembe mdomoni! Mnabishana nini?"

"Tunazungumza juu ya ulinzi wa Mungu."

"Mimi niacheni na bahati yangu. Mwaka ule basi lilipopinduka, mimi si nilikuwa nimelikosa? Watu wakajaa nyumbani: Mungu amekulinda, Mungu amekulinda! Nikawaambia, jamani, msimsingizie. Nilipitiwa na usingizi. Ni uvivu wangu tu."

"Na aliyekupa uvivu huo ni nani?"

"Huo niliurithi kwa baba yangu, tena kwa mapana yake yote."

Hata mjane alicheka. Kicheko hicho kilikuwa kifupi, na kilimshtua mwenyewe, kwa maana hakukijua tena. Jirani alikisikia akafurahi, na kwa furaha hiyo akapitiliza.

"Ndivyo hivyo! Cheka, mdogo wangu. Vituko mwenyewe angalikuwapo angalituvunja mbavu. Ah, alikuwa na mchezo mno, Mungu amrehemu. Kamba haitaki mchezo."

Mjane aliweka ungo chini, akainuka, akafunua sufuria iliyokuwa tupu.

Kazi ya rangi ndugu wale waliachiwa na marehemu baba yao, naye aliwaachia pamoja nayo sheria moja. Juu ya ubao mtu hapigi kelele. Kelele humshtua mwenzako, na mwenzako akishtuka husogeza miguu, na miguu ikisogea ubao huyumba. Kwa hiyo anayetambua hatari hugonga ubao mara mbili kwa mpini wa brashi. Aliye karibu na dirisha haulizi kitu. Huingia ndani, hugeuka papo hapo, hushika fremu ya dirisha kwa mkono mmoja na kuunyoosha wa pili nje. Aliye mbali husimama tuli mpaka auone mkono huo, ndipo anapotembea polepole kuuendea. Watu wawili hawatembei pamoja juu ya ubao wenye kamba mbovu, na mmoja hatembei bila mkono wa kumpokea. Baba yao aliwafundisha hayo sebuleni walipokuwa vijana, akiwasimamisha juu ya benchi, na Mama, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, ndiye aliyeamriwa kuwa dirisha.

Vituko aliigeuza sheria hiyo kuwa mzaha. Aligonga meza mara mbili alipotaka chai. Aligonga mlango wa bafu mdogo wake alipochelewa kutoka. Asubuhi aligonga ubao wa kitanda, na mkewe alimnyooshea mkono bila kufumbua macho. Binti yao, ambaye kwa wingi wa maneno yake walimwita Chiriku, alijua kugonga kabla hajajua kusema. Na kazini, alipohisi njaa au kiu, au alipochoka tu kumsikiliza mdogo wake akililalamikia jua, aligonga mara mbili; mdogo akaingia dirishani, naye akamfuata nyuma akicheka.

"Usiichezee amri ya baba yako," Mama alimkemea.

"Siichezei, Mama. Naifanyia mazoezi."

Tangu siku ya mazishi hakuna aliyekuwa amegonga kitu ndani ya nyumba ile. Hawakukubaliana hivyo, ilitokea tu. Mlango ulifunguliwa kwa hodi, na chai iliombwa kwa mdomo.

Ijumaa walikula mapema, kwani sebule ilitakiwa kuandaliwa kwa ajili ya kesho yake. Jua lilikuwa bado halijatua. Mama alikuwa akieleza viti vitapangwa vipi, na kwamba kile chenye mguu mbovu kiegemezwe ukutani. Chiriku alikuwa na chai isiyo na sukari ya kumtosha. Aliomba mara moja, hakusikiwa. Aliomba tena, bibi yake akamwambia asubiri wakubwa wamalize. Mtoto akachukua kijiko, akakigeuza, akagonga meza mara mbili kwa mpini.

Baba yake mdogo aliinuka kwa kasi hata kiti kikaanguka nyuma yake. Alikwenda hadi kwenye dirisha la sebule, akageuka, akashika fremu kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akaunyoosha kuelekea mezani. Akabaki vivyo hivyo. Macho yake hayakumtazama yeyote kati yao.

"Baba mdogo," Chiriku alisema, midomo ikianza kumcheza, "nilitaka sukari tu."

"Kaa chini, mwanangu," Mama alisema. "Mtoto anacheza."

Lakini mjane alikuwa amekwisha kusimama. Aliutazama mkono ule uliokuwa hewani, kisha akamtazama mwenye mkono.

"Shemeji," alisema. "Aligonga?"

"Nani aligonga?" Mama aliuliza.

"Siku ile. Nijibu, Shemeji. Aligonga?"

Mkono ulishuka taratibu mpaka ukaning'inia.

"Aligonga."

Nje mtu alipita akiburuta tangi la maji kwenye mkokoteni, na magurudumu yake yakasikika mpaka yakapotea.

"Mara mbili?" mjane aliuliza.

"Mara mbili, kama kawaida yake. Nikadhani ana kiu. Hata mimi nilikuwa na kiu. Nikamwambia, 'Leo umewahi, Kaka.' Hakucheka. Niliona kwamba hakucheka, lakini nikadhani ni jua. Nikaingia."

"Ukageuka."

Mwana mdogo aliutazama mkono wake wa kulia.

"Ukageuka, Shemeji."

"Sikugeuka. Bomba lilikuwa mwisho wa ukumbi. Nilikwenda moja kwa moja. Nikanywa. Nikamkingia na yeye kwenye kopo. Ndipo niliposikia."

"Ulisikia nini? Aliita?"

"Hakuita. Unajua kwamba asingeita. Nilisikia ndoo ya rangi."

Mjane alishika ukingo wa meza. Alizungumza polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Kwa hiyo alisikia kamba. Alisikia mapema, kama siku zote. Akakutoa wewe kwanza. Halafu akasimama tuli, akilitazama dirisha."

"Ndiyo."

"Akikusubiri."

"Ndiyo, Shemeji."

Mama alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. "Basi Mungu alimtumia kaka yako kukulinda," alisema. "Mwanangu alikuwa mkono wa Mungu."

"Na huyu je?" mjane aliuliza. "Yeye alitumwa wapi? Bombani?"

"Mkaza mwana!"

"Nauliza tu, Mama. Kama Mungu ndiye aliyemtia huyu kiu, basi ndiye aliyemtia mume wangu mizaha. Angaligonga siku za hatari tu, shemeji angaligeuka. Mizaha ile ile tuliyoipenda. Mimi mwenyewe niliijibu kila asubuhi, nikinyoosha mkono na macho nimeyafumba." Aliuachia ukingo wa meza. "Shemeji, niambie kitu kimoja. Kama ungaligeuka, ungaliweza kumshika?"

"Sijui."

"Fikiri."

"Nafikiri kila siku. Alikuwa mzito kuliko mimi. Pengine ningalimpata. Pengine angalinivuta tukaenda pamoja. Nikilala naunyoosha mkono huu gizani, naupima, naukunja. Sijui, Shemeji. Ningalijua ningalikwambia, hata kama ni lile baya."

"Kwa nini hukutuambia?" Mama aliuliza.

"Ningesemaje, Mama? Mliponiona niko hai, neno la kwanza lilikuwa Mungu amekulinda. Niwaambie, hapana, ni Kaka, na mimi nikampa mgongo? Nikasema bahati. Bahati haina mtu wa kuniuliza."

Aliketi sakafuni palepale chini ya dirisha, akaficha uso. Chiriku alikuwa akilia kwa sauti ndogo, akiamini kwamba yote hayo yametokea kwa sababu ya kijiko chake. Mjane alikwenda akamtilia sukari, akakoroga mpaka ikayeyuka kabisa, akamshikia kikombe.

Jumamosi majirani walikuja. Viti vilijaa, mikeka ikajaa, na kile kiti kibovu alikikalia fundi cherehani mwenyewe kwa ukaidi, huku akikiegemeza ukutani na kupumua kwa tahadhari. Mama alisimama mbele yao katika gauni lililonyooshwa kwa pasi mpaka likawa kama karatasi. Ukutani nyuma yake, kwenye msumari, ovaroli ya Vituko ilikuwa bado imetundikwa, na madoa ya rangi za majengo mengi yalikuwa yamekauka juu yake.

"Tumekusanyika," Mama alianza, na watu wakainamisha vichwa. "Tumekusanyika kumshukuru Mungu kwa..."

Akanyamaza. Watu walisubiri. Waliomfahamu walijua kwamba hajawahi kukosa neno maishani mwake, si kwenye harusi, si kwenye msiba, wala kwenye ugomvi wa maji bombani. Mmoja mmoja wakaanza kuinua vichwa.

"Kuna maneno yamesemwa mtaani," alisema hatimaye, kwa sauti nyingine kabisa. "Nami niliyasikia nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na la kuyajibu. Mlisema kwamba mwanangu mkubwa alikuwa akicheza juu ya ubao."

Fundi cherehani aliushika utepe wake, akaukunja, akaukunjua.

"Hakuwa akicheza. Alisikia kamba. Alifanya kama baba yake alivyomfundisha katika chumba hiki. Alimtoa mdogo wake kwanza, kisha akasimama akisubiri."

Hakusema alichokuwa akikisubiri. Mjane, aliyekuwa mlangoni na sinia la vikombe, aliliona pengo hilo katika maneno ya mama mkwe wake, na alielewa kwamba Mama ameliacha kwa makusudi, kama vile mtu anavyopiga pasi kuzunguka mahali palipoungua.

"Leo nilipanga kumshukuru Mungu. Bado namwomba anipe siku ya kumshukuru. Siku hiyo si leo. Lakini yuko mtu katika nyumba hii ambaye alitoa kitu na hakuambiwa asante." Mama aliwageuzia mgongo wageni wake, akaielekea ovaroli iliyokuwa ukutani. "Asante, mwanangu," alisema. "Ulinirudishia mwenzako."

Hakuna aliyejua kama hiyo ilikuwa dua, wala kama iitikiwe. Mzee mmoja alifungua kinywa kusema amina, akamtazama mkewe, akakifunga. Mwana mdogo alikuwa ameinama mpaka kichwa chake kilikuwa katikati ya magoti. Mama alibaki amesimama, mkono mmoja ukiwa umeushika mkono mtupu wa nguo ile, na mabega yakaanza kumtikisika.

Mjane aliweka sinia chini. Alipita katikati ya mikeka, akamshika mama mkwe wake kiunoni, akamketisha, naye akaketi kando yake kama alivyotakiwa. Amina hakuisema. Alikaa tu hapo, bega kwa bega, mpaka wageni walipoanza kuondoka kimyakimya, bila chai.

Jumapili asubuhi mjane alikuwa akikunja nguo. Kaka yake alikuwa njiani na gari kuja kuwachukua, yeye na mtoto, kuwapeleka kwa wazazi wake. Mama hakumzuia. Alimkunjia nguo za mtoto, na kila moja aliinyoosha kwa kiganja kana kwamba kiganja ni pasi.

Shemeji yake alimkuta uani akianua kanga ya mwisho.

"Unaondoka kwa sababu yangu."

"Naondoka kwa sababu yangu mwenyewe."

"Nichukie, Shemeji. Itakuwa afadhali."

"Sikuchukii. Kwa kile kitambo kidogo alichokuwa nacho, mume wangu alikutaka wewe uishi. Mimi ni nani nimpinge?" Aliikunja kanga mara mbili, mara nne. "Usoni naweza kukutazama. Nitakueleza yaliyo kweli, kwa sababu wewe pia umenieleza. Ukiinuka kwenda kuchota maji, ukitoka mlangoni asubuhi, mgongo wako ndio nisiouweza. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichokitazama. Jana nilijaribu siku nzima, sikuweza."

Shemeji yake aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Unadhani alinilaumu?"

Mjane hakutaka kumpa neno la kumfariji tu. "Alikuwa bado anakusubiri, Shemeji. Hakuwa amefika kwenye kulaumu."

Gari lilisimama mbali kidogo na nyumba, kwa kuwa lisingeweza kupita palipochimbwa mtaro. Mwana mdogo alibeba begi. Alitangulia mbele ya mjane kwa hatua chache, kisha akakumbuka. Akajitoa pembeni, akawangoja wapite, akawafuata nyuma. Mama alibaki kizingitini, kwa sababu miguu ilimkatalia kwenda mbali zaidi ya hapo. Fundi cherehani alichungulia dirishani kwake, akarudisha kichwa ndani.

Begi liliingizwa. Chiriku alikaa nyuma, magoti juu ya kiti, uso ukielekea kioo cha nyuma. Alikuwa mchangamfu tena, kama watoto wanavyokuwa wanapoahidiwa safari. Gari lilipoanza kusogea, aligonga kioo mara mbili kwa kifundo cha kidole, akacheka.

Baba yake mdogo aliunyoosha mkono. Aliunyoosha wote, kuanzia begani, kiganja kikiwa wazi, vumbi la rangi nyeupe likiwa bado limeganda kwenye mizizi ya kucha. Gari liliuacha polepole, kwa kuwa barabara ilikuwa mbovu. Kisha likauacha kwa kasi.

Mtaa ule ulikuwa mrefu na umenyooka, na mtu aliyekuwa ndani ya gari aliweza kuyaona yote yaliyokuwa nyuma yake kwenye kioo cha dereva. Kwa hiyo mwana mdogo alianza kurudi nyumbani kinyumenyume. Hatua kwa hatua alirudi, uso ukilielekea gari, mkono ukiwa bado umenyooka mbele yake, huku visigino vikitafuta mahali pa kukanyaga kandokando ya mtaro. Watu waliokuwa wakifagia milango yao waliacha kufagia. Gari lilifika mwisho, likakata kona, halikuonekana tena, naye akaendelea vivyo hivyo.

"Geuka, mwanangu," Mama alimwita kutoka kizingitini. "Geuka, utajikwaa."

Hakugeuka.